Breki za Trekta Kuukuu: Joto, Vumbi na Uhai wa Dereva

Usagara ya Mwanza, ambayo haifai kuchanganywa na milima ya Usagara iliyo upande wa Kilosa, ni njia panda. Hapo barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga huachana na ile iendayo Kigongo, na kuvuka Ziwa Viktoria hadi Busisi, Sengerema na Geita. Kwa miaka mingi msafiri aliyefika Kigongo alingoja kivuko. Tangu mwezi Juni 2025 hupita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita zipatazo 3. Nchi hii ya Wasukuma ni nchi ya pamba, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, palipozalishwa aina nyingi za mbegu za pamba, hakiko mbali. Katika nchi kama hii trekta halikai shambani tu. Mavuno yakiisha hufungwa tela, likashika barabara moja na mabasi na malori.

Hapo ndipo neno la breki linapokuwa zito. Trekta lisilowaka asubuhi humpotezea mwenyewe kazi ya siku moja. Trekta linalowaka vizuri lakini halisimami laweza kumpotezea dereva uhai wake, pamoja na uhai wa watu aliowakuta barabarani. Hata hivyo mwenye trekta huwahi kutengeneza injini, naye huahirisha breki hadi msimu ujao.

Breki hufanya kazi gani?

Watu wengi husema kwamba breki hushika gurudumu. Kwa lugha ya sayansi, breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Tuchukulie trekta lenye uzito wa tani moja na nusu linalovuta tela la tani 3, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni jouli 69,000 hivi, sawa na ile ya kuangusha mzigo wote huo kutoka kimo cha mita moja na nusu. Mwendo ukipungua kuwa kilomita 10 kwa saa, nishati hiyo haipungui kwa nusu, bali hubaki robo tu. Ndiyo sababu mwendo wa pole humsaidia dereva kuliko anavyodhani.

Mteremko nao huongeza hesabu. Mzigo huo huo ukishuka kimo cha mita 30 huku ukizuiwa kwa breki peke yake, joto litakalopatikana ni zaidi ya jouli milioni moja. Kama ngoma mbili za breki zina uzito wa kilo 30 kwa jumla, joto hilo latosha kuzipandisha karibu nyuzi 100 kabla hazijapoa kwa upepo. Lainingi, yaani ule utando mgumu uliobandikwa juu ya kiatu cha breki, hupungukiwa na nguvu ya kushika inapopata moto mno. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote, na trekta huendelea kwenda. Kwa sababu hiyo yapasa kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini yenyewe izuie mwendo. Anayekanyaga klachi au kuacha gia huru ili kuokoa mafuta ameutupa msaada huo kwa hiari yake.

Umbo la breki za zamani

Mfano mzuri ni Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa mwaka 1964, na ambalo lingali likifanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Lina injini ya Perkins ya silinda tatu, na breki zake ni za ngoma zilizo kavu. Ndani ya kila ngoma, katika magurudumu ya nyuma tu, mna viatu viwili vinavyotanuka na kuusugua ukuta wa ngoma kwa ndani. Matrekta mengi ya siku hizi yana breki za diski zilizozamishwa katika oili. Hayo yana matengenezo mengine, wala maelezo yafuatayo hayayahusu.

Makanyagio ni mawili, moja kwa kila gurudumu. Shambani dereva hukanyaga moja ili kugeuka katika nafasi ndogo mwishoni mwa tuta. Barabarani makanyagio hayo hayana budi kuunganishwa kwa komeo lake. Komeo likisahauliwa, au breki ya upande mmoja ikiwa imelika kuliko ya pili, gurudumu moja hushika na jingine hupita. Trekta huvutwa upande, na tela lenye mzigo hulisukuma kwa nyuma mpaka likapinduka.

Kuupima ugonjwa

Kabla ya kufungua chochote, fundi na apime. Achague uwanja tambarare wa udongo mkavu, bila tela, aende polepole, kisha akanyage breki zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Alama za magurudumu ardhini zitatoa ushahidi. Zikiwa sawa, breki zinashika kwa pamoja. Moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, hazilingani. Kama kanyagio linashuka mbali, huenda lainingi zimelika. Kama kanyagio liko juu lakini trekta halisimami, na ashuku oili. Mlio wa chuma kusugua chuma ni dalili kwamba ribiti zimeanza kukwaruza ngoma.

Kufungua

Magurudumu ya mbele yawekewe kabari mbele na nyuma. Ekseli ya nyuma iinuliwe kwa jeki, kisha iegemezwe juu ya stendi ya chuma au magogo ya mti mgumu. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Na tofali hupasuka ghafla. Gurudumu la nyuma liondolewe na watu wawili au zaidi, kwa kuwa matairi mengi ya trekta hujazwa maji ili kuongeza uzito. Kisha kirekebishio cha breki kilegezwe, skrubu zinazoshika ngoma zifunguliwe, na ngoma igongwe taratibu kwa nyundo ya mti hadi itoke.

Hapa fundi na asimame. Ndani ya ngoma atakuta vumbi jeusi, na mazoea yatamwambia alipulize kwa pampu ya upepo. Asifanye hivyo. Lainingi nyingi za miaka ile zilichanganywa na asbestosi, madini yenye nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikivutwa pamoja na pumzi hukaa mapafuni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba aina zote za asbestosi husababisha saratani. Ugonjwa waweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au hata 40, wakati mgonjwa amekwisha kusahau karakana aliyojifunzia kazi akiwa kijana. Uingereza, iliyoyaunda matrekta hayo, ilikamilisha marufuku ya asbestosi mwaka 1999, lakini marufuku hayo hayakuziondoa lainingi zilizokwisha kufungwa kwingineko.

Kwa kuwa fundi hawezi kujua kwa kutazama tu, kila vumbi la breki kuukuu lichukuliwe kuwa la hatari. Lilowanishwe taratibu kwa maji ya sabuni, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kifungwe katika mfuko kabla hakijakauka. Watoto na wanagenzi wasio na kazi hapo waondoke. Nguo za kazi zifuliwe mbali na nguo za nyumbani. Lainingi kuukuu zisipigwe msasa wala tupa.

Kutengeneza

Lainingi ikiwa imebakiza milimita moja hivi juu ya vichwa vya ribiti, ibadilishwe. Ikiwa imelowa oili, ibadilishwe hata kama bado ni nene. Wapo wanaoiosha kwa petroli au kuichoma moto. Oili iliyoingia ndani hutoka tena breki inapopata joto, na petroli karibu na moto ni hatari nyingine. Lakini kubadilisha lainingi bila kutafuta oili ilikotoka ni kazi bure. Mara nyingi sili ya ekseli imechakaa, nayo hiyo ndiyo ya kubadilishwa kwanza.

Ngoma itazamwe kama ina nyufa au mifereji. Yenye ufa itupwe. Yenye mifereji midogo yaweza kukerezwa kwa mashine bila kupita kipimo cha mtengenezaji. Springi zilizonyooka au kutu kuzila zibadilishwe. Lainingi mpya, isiyo na asbestosi, ipigwe ribiti kuanzia katikati kuelekea ncha, ili ilale sawasawa juu ya kiatu. Viatu vyote vinne vibadilishwe pamoja. Anayetengeneza upande mmoja ili kuokoa fedha ameitengeneza ile hatari ya kuvutwa upande. Grisi kidogo itiwe kwenye kirekebishio na sehemu za kusugulia tu, isiguse lainingi wala ngoma.

Ngoma ikirudishwa, kirekebishio kikazwe hadi gurudumu lisizunguke, kisha kilegezwe kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kukwama. Upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo, na makanyagio mawili yawe na nafasi iliyo sawa. Jaribio la uwanjani lirudiwe kwa mwendo mdogo, mara kadhaa, bila tela, ili lainingi mpya ilingane na ngoma. Baada ya siku chache za kazi breki zikazwe tena, kwa maana lainingi mpya hukaa kitako.

Neno la mwisho kwa dereva

Breki nzuri haziongezi haki ya kupakia kupita kiasi. Breki za trekta dogo hazikuundwa ili zizuie peke yake tela zito lisilo na breki, wala magunia ya pamba si kiti cha abiria. Kila asubuhi, kabla ya kuingia barabarani, dereva na afanye mambo matatu: afunge komeo la makanyagio, akanyage mara moja akiwa uwanjani, na atazame ndani ya magurudumu ya nyuma kama kuna oili inayovuja. Akiiona oili hiyo, tela lisifungwe siku hiyo mpaka fundi amekwisha kufungua na kuona.