Binti wa Kibondo na Elimu ya Ubongo

Wapo watu katika mkoa wetu ambao, wakisikia kwamba kijana amekwenda chuo kikuu kusomea saikolojia, huuliza mara moja kama huo ni udaktari au ni ualimu. Na wakiambiwa kwamba si hiki wala si kile, hunyamaza kwa namna ya kumhurumia mzazi. Mzee mmoja wa Kibondo, mkulima wa mihogo na maharage, alituambia hivi karibuni, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu, kwamba ameuza ng'ombe wawili ili bintiye akasomee wendawazimu wa watu. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kando yake kituoni akingoja basi la Kasulu. Aliinamisha kichwa akacheka.

Yuko mwaka wa pili. Anachokitaka hasa si kuwatibu wenye maradhi ya akili, ingawa hiyo nayo ni kazi ya heshima. Anataka kuchunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyokumbuka, unavyosikiliza na unavyofikiri, na kwa nini wa mwingine hushindwa. Hiyo ndiyo elimu ambayo wataalamu huiita sayansi ya ubongo na utambuzi.

Tulimwuliza fikra hiyo ameitoa wapi, maana haifundishwi katika shule zetu. Akatueleza habari za mdogo wake. Mtoto huyo, alipokuwa na umri wa miaka minne, alishikwa na homa kali wakati wa masika, kisha degedege. Wazee wakasema ni ndege wa usiku aliyepita juu ya nyumba, akapelekwa kwanza kwa mganga, na hospitali akafikishwa siku ya pili akiwa hajitambui. Alipona. Mama yake alimshukuru Mungu, na kila mtu akadhani mambo yamekwisha. Sasa yuko darasa la tano, na akitumwa dukani vitu vitatu hurudi na kimoja. Shuleni huitwa mzito, na mzito katika shule zetu hutibiwa kwa fimbo.

Hapa yatupasa tuungame jambo letu wenyewe. Tulipokuwa wadogo tukisoma Kurani chuoni, tulikuwa na mwenzetu ambaye Juzuu Amma ilimshinda. Sura aliyoisoma jana leo ilikuwa imefutika, kana kwamba hakuwahi kuisikia. Alichapwa, nasi tukamcheka. Hatukumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza kama mtoto yule aliwahi kuugua, na aliugua nini.

Swali hilo lina jibu, na jibu limetafutwa karibu na kwetu. Malaria inayoletwa na vijidudu viitwavyo Plasmodium falciparum huzifanya chembe nyekundu za damu zigande katika kuta za vishipa vyembamba vya ubongo, na damu ikashindwa kupita. Mtoto hupoteza fahamu, na wengine hufa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba wengi wa wanaonusurika hurudi salama kabisa. Ndipo watafiti waliofanya kazi Kampala wakawafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 walioponea malaria ya ubongo, wakawapima kumbukumbu, usikivu na uwezo wa kujifunza. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa, watoto 26 hivi katika kila 100 walikuwa na upungufu katika angalau jambo moja kati ya hayo; miongoni mwa watoto wa jirani ambao hawakuugua, walikuwa 8 katika 100.

Na mkoa wetu je? Uchunguzi wa malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza Tanzania Bara yote, takriban watoto 24 katika 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa 7. Si kila mwenye vimelea hupata degedege, la hasha, wengi hawapati. Lakini atakayekwenda Kasulu, Kibondo au Kakonko akaketi nyuma ya darasa lenye watoto wengi, hapana shaka ataketi karibu na mmoja wa hao tunaowazungumzia.

Katika kundi lile la Kampala alikuwamo Paul Bangirana wa Makerere. Hakuwa mpasuaji wa vichwa. Ni mwanasaikolojia, na baadaye alijaribu kuwapa watoto walionusurika mazoezi ya kompyuta ya kuimarisha usikivu na kumbukumbu. Kwa jirani zetu wa mashariki yuko Amina Abubakar, aliyesoma saikolojia ya elimu Chuo Kikuu cha Kenyatta, akapata shahada ya uzamivu Tilburg, Uholanzi, na ambaye pamoja na wenzake wa Kilifi walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa pwani anavijua. Njia anayoitafuta binti wa Kibondo, basi, imekwisha kupitwa na watu wa Afrika Mashariki.

Yeye mwenyewe aliona mlango umefungwa kwa sababu mbili. Kwanza, kidato cha tano alisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, hivyo Biolojia aliiacha kidato cha nne. Pili, alidhani kwamba ubongo hauchunguzwi ila kwa mitambo ya mabilioni ya shilingi. Kuhusu la kwanza hatuna faraja ya bure ya kumpa: itambidi aisome Biolojia upya, usiku, na takwimu zaidi ya zile anazolazimishwa na chuo, kwa kuwa asiyejua takwimu katika kazi hii ni kama mvuvi asiyejua kushona wavu. Wanafunzi wengi huikimbia saikolojia ya hesabu wakidhani wamekuja kujifunza kutoa nasaha. Huu ni udhaifu, na vyuo vyetu navyo vina sehemu yao ya lawama.

La pili si kweli, au si kweli kama linavyosemwa. Mwaka 1953 huko Marekani kijana mmoja aliyesumbuliwa na kifafa, Henry Molaison, alipasuliwa, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Aliyezungumza naye asubuhi alikuwa mgeni jioni. Aliyemchunguza alikuwa mwanasaikolojia wa Montreal, Brenda Milner. Alimpa penseli, karatasi yenye picha ya nyota, na kioo, akamtaka aifuatishe nyota huku akiutazama mkono wake kiooni. Siku ya kwanza alikosea sana. Siku ya tatu alichora vizuri, na huku akisema hajawahi kuifanya kazi hiyo maishani mwake. Kwa penseli na kioo ulimwengu ukajua kwamba kumbukumbu si ghala moja: mkono una kumbukumbu yake, na ya maneno na matukio ina mahali pake.

Mitambo ina kazi yake, hatuibezi. Huko Blantyre, Malawi, mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo ilimwezesha Terrie Taylor na wenzake kuonyesha, mwaka 2015, kwamba wengi wa watoto waliokufa kwa malaria ya ubongo walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Mashine moja, lakini ilielekezwa kwenye swali la watu wa pale.

Kuna jambo jingine ambalo mashine haitalifanya, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtoto wa Kasulu huzungumza Kiha nyumbani, Kiswahili darasani, na Kiingereza hukutana nacho ubaoni. Akiletewa kipimo kilichotungwa ng'ambo, chenye picha za vitu asivyovijua, akashindwa, nani atasema kilichoshindwa ni ubongo? Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza, akaeleza mwaka 1979 kwamba Waingereza waliwashinda wenzao kunakili michoro kwa kalamu, Wazambia wakawashinda Waingereza kunakili maumbo kwa waya, na kwa udongo walilingana. Mvulana yeyote wa Kibondo anayetengeneza gari la waya lenye usukani angeweza kumweleza bwana yule sababu. Huko Bagamoyo nako Robert Sternberg na wenzake waliwapima wanafunzi wa vijijini, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kukabili maswali, kisha wakawapima tena. Matokeo ya mwaka 2002 yakaonyesha kwamba alama zilipanda. Uwezo ulikuwapo, kipimo cha kwanza hakikuuona.

Wako wenzetu watakaosema kwamba mkoa wenye upungufu wa zahanati hauna haja ya wachunguzi wa ubongo, na kwamba vyandarua na sindano ya artesuneti vije kwanza. Tunakubali kwamba vije kwanza. Lakini waliokwisha kunusurika wako darasani leo, na chandarua cha mwaka huu hakitawarudishia kilichopotea.

Safari ya Kasulu ilikuwa ya kwenda kwa shangazi, mwalimu wa darasa la tatu, aliyemruhusu aketi nyuma na kuandika ni lini watoto huelewa agizo kwa Kiswahili na ni lini hungoja mwenzao awanong'oneze kwa Kiha. Hakuna aliyemtuma, wala hatapewa alama kwa kazi hiyo.

Basi lilipoingia, mzee alimkabidhi bintiye mfuko wa maharage ya shangazi, akasita kidogo, akamwuliza kama hivyo vipimo vinauma.

"Haviumi, baba. Ni kukumbuka na kupanga tu."

"Basi uanze na mdogo wako."

Binti alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi. "Bado, baba," akajibu. "Sijafundishwa kuvitumia."