Ukihama Mathare, karo ya chuo haibadiliki, ila basari hubadilika

Mto Mathare ulipofurika Aprili na Mei 2024, familia nyingi zilizoishi kando yake zilihama. Baadhi zilipata nyumba mitaa jirani, nyingine zikavuka hadi Kaunti ya Kiambu. Kwa mzazi mwenye mtoto chuoni, kuhama huleta swali moja: je, karo itapanda?

Jibu ni la. Nchini Marekani, vyuo vikuu vya umma hutoza wanafunzi wa jimbo lao karo nafuu kuliko wanaotoka majimbo mengine. Kenya haina utaratibu huo. Elimu ya vyuo vikuu iko chini ya Serikali ya Kitaifa, na karo hutegemea kozi, si kaunti anakotoka mwanafunzi. Mkopo wa HELB pia humfuata mwanafunzi popote anapohamia.

Kinachobadilika ni basari. Basari ya NG-CDF hugawanywa kwa eneo bunge, na ya kaunti hugawanywa kwa wadi. Kamati huangalia mahali familia inapoishi sasa.

Ndiyo maana mipaka ni muhimu. Eneo Bunge la Mathare lina wadi sita: Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko. Wadi ya Mathare North, licha ya jina lake, iko Eneo Bunge la Ruaraka. Githurai 44 iko Nairobi, lakini Githurai 45 iko Kiambu. Anayehama kutoka Huruma kwenda Mathare North hubadilisha eneo bunge na wadi, ingawa bado yuko Nairobi. Anayehamia Githurai 45 hubadilisha kaunti pia.

Hatari kubwa iko katikati ya safari: huku familia imeshaondoka, na kule bado haijulikani. Fomu zikitolewa wakati huo, mwanafunzi anaweza kukosa pande zote mbili. Ili kuepuka hilo, mzazi au mlezi anashauriwa:

• Kujitambulisha mapema kwa chifu na mzee wa mtaa wa makao mapya. Kitambulisho pekee huenda kisitoshe, kwa kuwa mahali palipoandikwa si lazima pawe anapoishi mtu leo.

• Kuhifadhi pamoja nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, barua ya kujiunga na chuo na orodha ya karo. Vyeti vikisombwa na maji, atafute vingine kabla ya fomu kutolewa.

• Kuuliza katika ofisi ya wadi na ya NG-CDF tarehe ya kurejesha fomu, na viwango vya masomo vinavyofadhiliwa mwaka huo.

• Kuandika makao ya kweli. Anayeendelea kutumia anwani ya zamani huenda akakwama wazee wa mtaa wanapothibitisha majina.

Mwanafunzi naye aarifu ofisi ya fedha ya chuo mapema iwapo basari itachelewa, badala ya kungoja siku ya mtihani.