Fahamu: Michael Caine, mtoto wa mchukuzi aliyetamba kwenye filamu

Mwigizaji Michael Caine alizaliwa London mwaka 1933. Baba yake alikuwa mchukuzi katika soko la samaki, mama yake mfanya usafi. Baada ya kupigana vita vya Korea, alihangaika kwa miaka na nafasi ndogondogo hadi filamu ya Zulu ilipomtoa mwaka 1964.

Kwa nini anaheshimika?

Alipata umaarufu bila kuitupa lafudhi ya mtaani kwao, akawapa moyo watoto wengi wa wafanyakazi. Alishinda tuzo mbili za Oscar, kwa filamu za Hannah and Her Sisters na The Cider House Rules. Vijana wanamjua kama Alfred, mtumishi mwaminifu wa Batman kwenye filamu.

Alistaafu mwaka 2023, akiwa na miaka 90, baada ya filamu ya The Great Escaper. Heshima anayopewa aliitolea jasho.