Sukari Iliyomo Katika Kikombe cha Kahawa

Kahawa isiyotiwa sukari wala maziwa haifikishi kalori 5 kwa kikombe. Kwa hiyo, mlaji anayekusudia kupunguza uzito hana sababu ya kuiacha. Anachopaswa kuchunguza ni kile kinachotiwa ndani yake.

Kijiko cha chai cha sukari kina takriban gramu 4, yaani kalori 16. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, hutumia gramu 36. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa katika vyakula na vinywaji vyote vya siku isizidi takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25.

Kahawa ya pakiti iliyokwisha kuchanganywa na sukari na maziwa huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa sukari yake hukuipima wewe. Soma lebo kabla ya kununua. Viambato huorodheshwa kwa kutanguliza kilicho kingi kwa uzito. Sukari ikitajwa kwanza, basi umenunua sukari nyingi kuliko kahawa.

Nyumbani, punguza nusu kijiko kila wiki ili ulimi uzoee. Iliki, tangawizi au mdalasini huipa kahawa ladha bila sukari. Nawe unayekunywa kahawa chungu kwa kashata, kumbuka kuihesabu sukari ya kashata hiyo.