Dawa Ipitayo Ateri: Tiba ya Saratani ya Utumbo Iliyofika Kwenye Ini

Saratani ya utumbo mpana inaposambaa, mara nyingi hufikia kwenye ini, kwa kuwa damu itokayo utumboni hupitia humo kabla ya kurejea moyoni. Mgonjwa aelezwapo habari hiyo huuliza swali la haki kabisa: ikiwa ugonjwa uko kwenye ini, mbona dawa inamwagwa mwili mzima?

Jibu limo katika namna ini linavyopata damu. Takriban robo tatu huletwa na mshipa mkuu utokao utumboni, na iliyobaki na ateri ya ini. Seli zenye afya hutegemea zaidi njia ya kwanza, ilhali vivimbe vilivyohamia humo, vikishakua, hulishwa karibu vyote na ateri. Dawa ikipitishwa huko huvifikia vivimbe ikiwa bado kali. Floksuridini ndiyo iliyozoeleka katika kazi hii, maana ini huinasa zaidi ya asilimia 90 katika mpito wa kwanza. Kinachobaki kuzunguka mwilini ni kidogo, na kwa kawaida nywele hazipukutiki.

Dawa hiyo hutolewa na pampu ya mviringo, yenye kutosha kiganjani, inayopachikwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya tumbo. Aina iliyotumika kwa miaka mingi haina betri. Joto la mwili hutanua gesi iliyomo ndani, nayo husukuma dawa polepole, usiku na mchana. Ndiyo maana homa huongeza kasi yake. Hujazwa kila baada ya wiki mbili, dawa kwa zamu na maji ya chumvi yenye heparini. Ikiachwa ikauke, mrija wake huweza kuziba.

Mwaka 1999 Nancy Kemeny na wenzake wa Memorial Sloan-Kettering, New York, walichapisha matokeo ya wagonjwa 156 waliokwisha kukatwa vivimbe vya ini. Baada ya miaka 2, asilimia 86 ya waliopewa tiba ya ateri pamoja na ile ya kawaida walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya waliopewa ya kawaida pekee. Ni tofauti ya kuheshimiwa, lakini si muujiza: pampu haiigusi saratani iliyokwisha kutoka nje ya ini.

Tena ina gharama yake. Mirija ya nyongo nayo hulishwa na ateri ileile. Dawa ikiizidi, huota makovu na kusinyaa, na makovu hayo ni vigumu kuyaondoa. Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kila dozi; vipimo vya ini vikipanda, dozi hupunguzwa au husimamishwa, na deksamethasoni huongezwa kwenye pampu ili kuikinga mirija. Mgonjwa akiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, au akiwashwa mwili mzima, asingoje tarehe ya kliniki.

Kwa aliyewekewa pampu ng'ambo kisha akarejea nyumbani, tahadhari ni moja zaidi. Baadhi ya pampu zina tundu la pili lielekealo moja kwa moja kwenye ateri. Muuguzi asiyefunzwa kifaa hicho asikidunge sindano hata kwa nia njema. Awasiliane kwanza na kituo kilichokipachika.