Mafuta Yaifaayo Injini ya Motokaa

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara itokayo Kasumbalesa kuja Lubumbashi, ataona motokaa nyingi zinazomaliza safari ndefu. Zilitengenezwa Japani, zikatumika huko miaka kadhaa, zikapakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha zikavuka Zambia na kuingia kwetu Katanga. Usukani wake u upande wa kuume, na kitabu chake, kama kingalipo, kimeandikwa kwa herufi za Kijapani.

Baba wa jamaa ametoa akiba ya miaka mingi ili ainunue mojawapo. Itakuwa teksi, nayo italipa karo ya watoto, kodi ya nyumba na unga wa bukari. Injini ikifa, si chuma tu kilichoharibika. Mwaka wa shule wa mtoto nao wapotea. Kwa hiyo yafaa tujifunze jambo linaloonekana dogo: namna ya kuchagua mafuta ya injini.

Kwanza tuulize: mafuta hayo yafanya kazi gani? Watu wengi hujibu kwamba yalainisha vyuma, nao wasema kweli, lakini hawajamaliza. Mafuta hutandaza utando mwembamba kati ya chuma na chuma, visisagane. Huchukua joto mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Hubeba masizi na uchafu. Huziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda. Tena huzuia kutu. Kazi tano, na mtumishi ni mmoja.

Sasa tutazame kopo. Juu yake pameandikwa, kwa mfano, 5W-30, au 15W-40, au 20W-50. Alama hizi zilipangwa na SAE, chama cha wahandisi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Namba ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo yanavyokimbia upesi injini inapowashwa. Namba ya pili yaonyesha uzito wake yakisha kupata moto, ukipimwa kwenye digrii 100. Mafuta ya 40 ni mazito kuliko ya 30, na ya 50 ni mazito zaidi.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Husema, “Sisi tu watu wa nchi ya joto, basi tutie mafuta mazito.” Neno hili lasikika kama hekima, lakini tulipime. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi. Mwezi wa Oktoba joto la mchana hupita digrii 30, lakini usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya digrii 10. Tena injini ikisha kupata moto, maji yake na kidhibiti-joto huilinda ikae karibu na joto lile lile, iwe Juni au Oktoba. Basi hali ya hewa peke yake haitoshi kutuchagulia mafuta. Mwenye kujua ni yule aliyeiunda injini.

Injini nyingi za siku hizi zina nafasi nyembamba sana kati ya vyuma, na vijia vidogo vya kupitishia mafuta. Ukizitilia mafuta mazito kupita kiasi, hukawia kufika juu asubuhi, na vyuma husagana vikavu. Hata esanse hutumika zaidi. Kinyume chake, injini ya zamani iliyoundwa kwa mafuta mazito, ukiitilia mepesi mno, utando hukatika. Na kama injini imechakaa yala mafuta, mafuta mazito yaweza kupunguza moshi kwa muda. Lakini yaficha ugonjwa, hayauponyi.

Je, kama kitabu ni cha Kijapani tufanyeje? Usikate tamaa. Tarakimu ni zile zile popote duniani. Tafuta ukurasa wenye 0W-20 au 5W-30. Fungua pia boneti utazame kifuniko cha kutilia mafuta. Mara nyingi namba imechapwa pale pale. Vitabu vingine huruhusu aina zaidi ya moja kwa kufuata joto la nchi. Basi chagua katika zile zilizoruhusiwa.

Baada ya namba, soma herufi zifuatazo neno API. S ni ya injini za petroli, ambayo kwetu twaiita esanse. C ni ya injini za dizeli. Herufi ya pili yaonyesha kizazi. SN ilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020. Mafuta ya SF hayafai injini ya petroli iliyotengenezwa baada ya mwaka 1988. Yangali yakionekana mahali pengine kwa bei ndogo. Mnunuzi asiyejua kusoma kopo hufurahia bei, kisha hulipia injini. Kwa dizeli fuata herufi zile zile alizoandika mtengenezaji. Na wenye pikipiki ambazo klachi yake huogelea katika mafuta ya injini, watafute alama JASO MA, ili klachi isiteleze.

Ununuapo, tazama kizibo kama hakijafunguliwa. Mafuta yanayomiminwa kutoka pipa lisilo na jina hayana ushahidi. Kisha yatunze. Kila juma, simamisha gari mahali pa sawa, zima injini, ngoja dakika chache, ufute kijiti cha kupimia, ukichovye tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni hatari. Yakiwa meusi usiogope upesi, kwa maana yanabeba uchafu kama ilivyo kazi yake. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia. Usiendeshe, mwite fundi. Vitabu vingi huagiza kubadili mapema zaidi motokaa ya mavumbini na ya safari fupi fupi, na teksi ya mitaa yetu, katika vumbi jekundu la kiangazi, ina yote mawili. Chujio nalo libadilishwe pamoja na mafuta.

Na yale machafu tuyatupe wapi? Yasimwagwe mferejini. Mto Lubumbashi wapeleka maji yake Kafubu, na wengi wetu twanywa maji ya visima. Mafuta yaliyotumika yana sumu zinazoweza kuleta kansa. Fundi aoshe mikono kwa sabuni, watoto wasiyachezee. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko, yapelekwe kwenye garaji inayoyakusanya.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nanyi wanafunzi, mlio hodari wa kusoma kuliko wazee wenu, jioni ya leo mwombeni baba afungue boneti. Someni namba iliyo juu ya kifuniko, mwiandike katika daftari, na siku ya kununua mafuta mfuatane naye dukani.