Sigara Isiyohitaji Mkalimani

Katika vibanda vya video vya mitaa kama Langas na Huruma jijini Eldoret, filamu ya kigeni humfikia kijana ikiwa na sauti mbili: ya mwigizaji, na ya DJ, yaani msimulizi anayeweka Kiswahili na Sheng juu ya mazungumzo ya asili, sanaa ambayo DJ Afro ameipatia umaarufu nchini kote. DJ hueleza nani staringi, nani adui na kisa cha ngumi kurushwa. Lakini staringi anapowasha sigara, akavuta taratibu na kuachia moshi kabla ya kujibu swali, hakuna kilichobaki kufasiriwa, kwa kuwa ishara hiyo hujisemea yenyewe: huyu hamwogopi mtu.

Joe Eszterhas, mwandishi wa filamu wa Hollywood, alikuwa fundi wa ishara hiyo. Katika Basic Instinct (1992), aliyoiandika yeye, mhusika wa Sharon Stone anahojiwa na polisi, anaambiwa kuvuta hakuruhusiwi humo, naye anavuta, na kwa ukaidi huo mdogo chumba kizima kinakuwa chake. Mwaka 2002, baada ya saratani ya koo kumpotezea sehemu kubwa ya zoloto, kiungo kinachotoa sauti, Eszterhas aliungama katika gazeti la New York Times kwamba sigara ile iliwekwa makusudi iwe sehemu ya mvuto wa kimapenzi, kwamba alijiona mshirika katika vifo vya watu wasiohesabika, na kwamba sigara mkononi mwa nyota wa filamu ni bunduki iliyomlenga mtoto wa miaka 12 au 14. Kisingizio cha uhuru wa msanii, ambacho yeye mwenyewe aliwahi kukishikilia, alikikataa: mwandishi, alisema, ana njia tele zilizo bora za kudhihirisha tabia ya mhusika.

Sayansi iko upande wake, kwani mwaka 2012 ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ilihitimisha kwamba kuona uvutaji katika filamu husababisha vijana kuanza kuvuta. Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilizima matangazo na kukataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini sigara ya mhusika ambayo hakuna kampuni iliyoilipia ni vigumu kuiita tangazo. Bodi ya uainishaji wa filamu nayo hutoa daraja la umri, ila daraja hilo halisafiri ndani ya flashi pamoja na filamu iliyonakiliwa, na mlangoni mwa kibanda kinachotazamwa ni kiingilio, si umri.

Anayebaki ni DJ, ambaye kijana humsikiliza kwa saa mbili bila kuchoka. Je, moshi unapopanda, anyamaze kwa sababu picha imejieleza, au aseme neno, na akisema, wateja watarudi kesho? Kutoka Langas hadi kituo cha saratani cha Chandaria, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ni safari fupi ya matatu.